Sura ya Sita: Mlango Unaovimba Machi

Mlango wa nyuma wa nyumba yangu Dongobesh una kalenda yake. Juni hadi Novemba unafunguka kwa kidole kimoja. Januari unaanza kunung'unika, Februari unasugua kizingiti, na ikifika Machi hauendi mpaka uupige bega. Mgeni mmoja aliyelala kwetu wakati wa mvua alitoka uani usiku, akashindwa kurudi ndani kwa mlango ule ule, akazunguka nyumba na kubisha hodi mbele kama mtu aliyefika kutoka safari. Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Mbao za mlango huo nilizinunua Babati, zimepigwa dawa, za kijani kama jani la mgomba mchanga. Muuzaji aligonga moja kwa kiganja akaniambia, "Hii ukishaifunga umemaliza, mwalimu. Haishiki maji." Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini, na pia kwa sababu bei yake ilikuwa kubwa kiasi cha kufanana na ukweli.

Mbele ya mlango huo kuna baraza, na mvua haijawahi kuufikia. Kwa hiyo maji ninayoyazungumzia hapa si ya kumwagika. Watu wa Katesh, tangu 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka Mlima Hanang, hawahitaji kuelezwa na mtu maji ya kishindo hufanya nini. Sura hii inahusu maji mengine, yasiyo na sauti: mvuke uliomo hewani, unaoingia kwenye mbao usiku na mchana bila kulowesha hata ncha ya kidole, kisha ukatoka vile vile bila kuaga.

Ukiangusha msindano leo, gogo lile lina maji ya namna mbili. Yapo yanayojaza mirija na vyumba vidogo vya mti, kama maji ndani ya ndoo. Na yapo yaliyoshikwa na kuta zenyewe za vyumba hivyo, kama maji yaliyonywewa na udongo wa mtungi. Maji ya ndoo hutoka kwanza. Yakitoka, mbao hupungua uzito, lakini upana wake haubadiliki. Ndoo zikishakuwa tupu huku kuta bado zimeshiba, mbao nyingi huwa na maji ya asilimia 28 hadi 30 ya uzito wa mti mkavu kabisa. Kutoka hapo kushuka chini ndipo vituko huanza: kusinyaa, kupinda, kupasuka.

Kuta hizo zimefumwa kwa nyuzi za selulosi na jamaa zake, na nyuzi hizo zimejaa vishikizo vinavyopenda maji. Mvuke ukipita karibu hunaswa. Hewa ikikauka, vishikizo huachia. Kazi hii haina mwisho. Mti unaweza kuwa umekatwa miaka 100 iliyopita, ukawa kiti, ukawa dari, ukawa mpini wa shoka la babu, bado unavuta na kutoa. Ndiyo maana neno "mbao kavu" linanipa shida kidogo. Kuna mbao iliyopatana na hewa ya mahali ilipo, basi. Ukiihamisha, mapatano yanavunjika na mazungumzo yanaanza upya.

Mapatano hayo yana hesabu inayojulikana. Hewa ikibeba nusu ya mvuke inaoweza kuubeba kwa joto lile, yaani unyevu wa asilimia 50, mbao hutulia kwenye maji ya asilimia 9 hivi. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 65, mbao hufika 12. Ukiwa 80, hufika 16. Ukiwa 90, hufika 20 au zaidi kidogo. Haifiki siku moja. Papi nyembamba hujibu kwa siku chache, boriti nene huchukua wiki na miezi, na ndiyo maana ukungu wa asubuhi moja hauufanyi mlango ugome. Mbao haisikilizi habari za leo. Inajumlisha habari za msimu mzima.

Sasa tazama nchi yetu. Gari linalotoka Babati kwenda Mbulu hufika Dareda chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kisha huanza kupanda, na abiria aliyekuwa amefungua vifungo vya shati huvifunga tena kabla ya kufika Dongobesh. Hewa ile ile, ikisukumwa juu na kupoa, haiwezi tena kubeba mvuke iliokuwa inaubeba bila taabu kule chini, na juu ya Msitu wa Nou inageuka ukungu. Ukienda upande wa pili, ukashuka kuelekea Yaeda Chini walikoishi Wahadzabe tangu zamani, midomo inaanza kukauka. Kusini kuna tambarare za ngano za Basotu, ambako upepo hauna mti wa kuuzuia. Mbao iliyokatwa sehemu moja, ikapasuliwa sehemu ya pili, ikauzwa ya tatu na kufungwa ya nne, ndani ya mkoa huu huu wa Manyara, imepita katika hewa nne zisizofanana. Mbao zangu zilipatana na hewa ya Babati mwezi wa Oktoba. Mimi nikazipandisha mlimani zikapigwe na masika.

Wakulima wa Mbulu na Hanang wanaujua mchezo huu kwa jina la mahindi. Wengi wamefundishwa kipimo cha chupa: unachukua chupa kavu, unaijaza punje mpaka theluthi, unatia kijiko cha chumvi kavu, unafunga na kutikisa, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Ikianguka chini bila kugandia, yako salama. Wengi hudhani chumvi inagusa maji yaliyomo kwenye punje. Haigusi. Chumvi ya chakula hukaa kavu mpaka unyevu wa hewa ukaribie asilimia 75, na ukipita hapo huanza kunywa mvuke hadi inalowa yenyewe. Mahindi yenye maji ya asilimia 15 hutengeneza ndani ya chupa hewa ya kiasi hicho hicho. Kwa hiyo chumvi inapima hewa, na hewa inasema siri ya punje. Aliyewahi kukaa na gunia la chumvi ya Ziwa Balangida wakati wa mvua ameshaona sakafu iliyolowa chini yake ilhali paa halivuji.

Mkumbuke huyu chumvi. Tutamkuta tena ndani ya mbao.

Kabla ya hapo, tuuone ule mwendo wenyewe, kwa sababu mbao haivimbi ovyo. Kwa urefu haiendi popote. Nguzo ya mita tatu itabaki mita tatu, masika na kiangazi. Mabadiliko yote yako kwenye upana na unene, na hata huko hayalingani: ikifuata duara la pete za mti, mbao husinyaa karibu mara mbili kuliko ikielekea moyoni. Hapo ndipo mbao hujikunja kama kigae. Pande zake mbili zina haraka tofauti.

Chukua mlango wa sentimita 80 uliotengenezwa kwa mbao za kusimama, zimesukumwa zikabanana, kisha zikapigiliwa kwenye mikanda mitatu ya nyuma. Tuseme ulifungwa mbao zikiwa na maji ya asilimia 9, na masika yakazipeleka hadi 17. Mbao laini kama ya paini huongezeka upana kwa kiasi cha robo ya asilimia moja kwa kila asilimia ya maji inayopanda. Nane mara robo ni mbili. Asilimia mbili ya sentimita 80 ni sentimita moja na nusu na ushee. Nafasi aliyoiacha fundi pembeni ilikuwa milimita tatu. Milimita nyingine 13 ziende wapi?

Mafundi wa zamani walilijibu swali hili kwa mlango wa paneli. Fremu yake ni ya mbao nyembamba, na mbao pana imekaa katikati ndani ya mfereji, haikupigwa gundi wala msumari, ili ivimbe na kusinyaa humo humo bila kumsumbua mtu. Anayeipigilia paneli "isicheze" ameuharibu mlango kwa nia njema. Nimewaona wengi.

Kitu kinachoonyesha jambo hili kuliko mlango, kwa maoni yangu, ni mpini wa shoka. Agosti chuma kinalegea. Unafanya nini? Unafanya alichofanya baba yako: unalitumbukiza shoka kwenye ndoo ya maji jioni, asubuhi chuma kimeshika kama kimechomelewa. Unapasua kuni wiki nzima. Wiki ya pili chuma kimelegea kuliko mwanzo. Unalitumbukiza tena. Baada ya mara nne au tano mpini ule haufai hata kufukuzia mbwa. Kilichotokea ni kwamba mti ulipolowa ulitaka kutanuka, chuma kikaukatalia, na kwa kukosa pa kwenda nyuzi zake zikajiponda zenyewe. Ulipokauka, ulisinyaa kutoka kwenye umbo lile lililopondwa, ukatoka mwembamba kuliko jana. Kila ndoo ya maji ni mkopo wenye riba. Kabari kavu ya mti mgumu, ikipigwa kichwani mwa mpini uliokauka vizuri, ndiyo tiba. Na mlango uliobanwa na fremu yake masika baada ya masika huponda kingo zake vile vile, kisha Septemba unaacha ufa wa kupitisha vumbi na paka.

Sasa dawa.

Dawa ya kijani inayojulikana zaidi duniani ina historia ya India. Mwaka 1933 mtaalamu Sonti Kamesam, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa misitu ya Dehra Dun, alichanganya shaba, kromiamu na aseniki katika maji. Shaba huua kuvu wanaoozesha. Aseniki huua mchwa na bungua, pamoja na kuvu wachache wasioogopa shaba. Kromiamu yenyewe haina adui mkubwa. Kazi yake ni kuwafunga hao wawili kwenye nyuzi za mti ili mvua isiwafue. Kabla ya hapo, tangu 1838 John Bethell alipopata hataza yake Uingereza, dunia ilikuwa ikitumia kreosoti, lami nyepesi ya makaa ya mawe, ile yenye harufu inayokaa kwenye nguo mpaka nguo ichakae.

Soma tena kazi za hao watatu: kuua, kuua, kufunga. Hakuna aliyepewa kazi ya kuzuia mvuke. Kuta za selulosi bado ziko pale na vishikizo vyake, na hewa ikija na unyevu wa asilimia 80, mbao ya kijani itaupokea karibu sawa na ndugu yake asiyepigwa dawa. Tofauti ni kwamba ikishakunywa, wageni wabaya wanaofuata maji wanakuta meza imetiwa sumu. Kuvu wa kuozesha hawapati nafasi mbao ikiwa chini ya asilimia 20 ya maji. Wanashamiri kuta zikishiba kabisa. Dawa inakuvusha katika siku hizo za kushiba. Muuzaji wangu angesema "haiozi haraka", angekuwa mtu mkweli. Aliposema "haishiki maji", alichanganya dawa ya kuua na dawa ya kuzuia, na mchanganyo huo nimeusikia kuanzia Magugu hadi Haydom.

Kuna hata mbao zinazokunywa zaidi kwa sababu ya dawa. Ndipo chumvi anaporudi. Mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki ukitengenezwa kwa malighafi za chumvichumvi, huacha masalio ya chumvi yasiyo na kazi ndani ya mti, na masalio hayo hupenda mvuke. Boroni inayowekwa kuzuia bungua haifungwi kabisa kwenye nyuzi. Mvua huiosha, kwa hiyo inafaa mbao za ndani tu. Wanaoongoza kwa kiu ni wale wa dawa za kuzuia moto, zenye chumvi za fosfeti na amonia: hewa ikipita asilimia 80, mbao zao zinaweza kulowa usoni kama gunia la Balangida, na misumari iliyomo ikala kutu.

Hata mita ya unyevu, ile yenye meno mawili ya kuchoma kwenye mbao, hudanganyika. Inapima jinsi umeme unavyopita, na mti mkavu huukataa umeme mara nyingi mno kuliko mti uliolowa. Chumvi za dawa huusaidia umeme kupita, basi mita husoma maji mengi kuliko yaliyomo. Mizani haidanganywi hivyo. Kata kipande cha mbao yako, kipime kwenye mizani ya jikoni, kisha kikaushe polepole kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena. Kikitoka gramu 560 kikafika 500, maji yalikuwa gramu 60 juu ya mti wa gramu 500: asilimia 12. Ila kwa mbao ya kijani usifanye hivyo jikoni kwako, na hapa sitanii. Aseniki ni aseniki. Vipande vilivyobaki baada ya kupaua visiende kwenye mafiga. Moshi wake na jivu lake vina sumu, na jivu lile likimwagwa bustanini linabaki bustanini. Marekani iliacha kuitumia dawa hii kwenye mbao za majumbani mwisho wa 2003. Viwanda vya nguzo bado vinaitumia sehemu nyingi.

Jambo jingine ambalo muuzaji hakuniambia: mbao ya dawa hutoka kiwandani imelowa chapachapa. Kazi hufanyika kwenye tangi la chuma lililolala. Mbao zilizokwisha kaushwa huingizwa, hewa hufyonzwa kutoka kwenye vyumba vyake, kisha dawa iliyoyeyushwa katika maji husukumwa ndani kwa nguvu. Mita moja ya ujazo ya paini hunywa lita 300 na hata zaidi. Ukigawa hesabu hiyo, mbao moja ya mbili kwa nne ya futi 12 inabeba kama lita tano za maji. Kenchi za nyumba ya vyumba vitatu, zikifungwa wiki hiyo hiyo, ni mapipa kadhaa ya maji uliyoyapandisha juu ya kichwa chako. Msumari uliopigwa kwenye mbao mbichi hushika vizuri siku ya kwanza, lakini mti ukisinyaa kuuzunguka hulegea. Halafu unakuja upepo wa Hanang, unaondoka na mabati, na watu wanasema mabati yalikuwa membamba.

Na hiyo ni mbao iliyopita kwenye tangi kweli. Ipo inayochovywa tu kwenye pipa, dawa ikaingia milimita chache, na ipo iliyopakwa rangi ya kijani ikapewa jina la dawa. Kwa macho ya barabarani zote ni kijani. Omba ukatiwe kipande katikati, si mwishoni, uone kijani kimeingia umbali gani. Muuzaji akikataa, amekujibu.

Nguzo ya umeme inafundisha somo lake mwenyewe. Nguzo zetu nyingi ni za mkaratusi, na mkaratusi hukubali dawa kwenye nyama ya nje tu. Moyo wake haupenyeki hata ukiusukuma kwa tangi. Nguzo basi ni moyo usio na dawa ndani ya koti lenye dawa. Ikisimamishwa kabla haijakauka, jua la Septemba huisinyaza nje ilhali ndani bado imeshiba, na koti linapasuka. Ufa ukipita unene wa koti umefika moyoni, na masika yanayofuata hayahitaji mwaliko. Ukiona nguzo nzima kwa nje lakini ukiigonga karibu na ardhi inatoa sauti ya ngoma, dawa haikushindwa: ilizungukwa. Siku hizi zinasimamishwa na za zege, zenye matatizo yake mengine, ambayo ni ya kitabu kingine.

Nimejiuliza watu wetu walifanyaje kabla ya matangi. Nyumba za zamani za Wairaqw zilikuwa na paa la udongo lililobebwa na msitu mzima wa nguzo na fito, moto ukiwaka ndani, moshi ukitafuta pa kutokea polepole. Aako wangu, yaani babu, aliweka mipini mipya ya majembe darini juu ya mafiga, na hakuruhusu mtu aitoe kabla mvua hazijaisha. Fito za dari lile zilikuwa nyeusi, ziking'aa kama zimepakwa vanishi. Moshi uliziachia lami na vitu vikali ambavyo wadudu hawavipendi, lakini nadhani kazi kubwa ilifanywa na joto. Hewa iliyopashwa moto, hata kama nje kuna ukungu wa Nou, huwa na unyevu mdogo kwa kipimo chake yenyewe, na fito zilizokaa humo ziliishi kiangazi mwaka mzima. Familia ikihama na moto ukizimwa, nyumba ile ilianza kuoza mwaka huo huo. Watu walisema nyumba inamlilia mwenyewe. Fito zilikuwa zinakunywa.

Wanorwei walioanzisha hospitali ya Haydom mwaka 1955 walitoka kwenye nchi yenye jibu la aina hiyo hiyo. Kwao yapo makanisa ya mbao yaliyosimama tangu karne ya 12, nayo hupakwa lami ya msonobari tena na tena, kizazi hadi kizazi. Neno la kushika hapo ni "tena na tena". Lami, kreosoti, vanishi, rangi ya mafuta, hata oili chafu ya trekta ambayo wengi hupaka nguzo za uzio na ambayo mimi siipendi kwa sababu inachafua udongo na haiui kitu cha maana, zote zinachelewesha mvuke. Hazifungi njia. Ukitaka kumpunguzia mti kiu yenyewe, lazima uvibadilishe vishikizo. Wafini walianza kufanya hivyo kibiashara miaka ya 1990 kwa kuipika mbao bila hewa kwenye joto linalokaribia au kupita nyuzi 200, nayo ikatoka ya kahawia, dhaifu kidogo, ikinywa karibu nusu ya ilichokunywa mwanzo. Sijaiona ikiuzwa Katesh.

Kwa hiyo nimebaki na mlango wangu, na fundi.

Ni mzee wa hapa hapa, mwenye karakana ya mabati chini ya mgrevilea. Nilimwita Aprili, mlango umegoma kabisa, nikitegemea aje na randa. Alikuja mikono mitupu. Aliufungua kwa bega, akaung'oa kwenye bawaba, akaulaza juu ya ndoo mbili zilizofunikwa. Hakuangalia ubavu uliokuwa unasugua. Alienda moja kwa moja kwenye ukingo wa chini, ule unaotazama sakafu.

"Nani alikupakia rangi huu mlango, mwalimu?"

Nikamwambia ni mimi.

"Mbele umepaka. Nyuma umepaka. Huku je?"

Alilowesha kidole gumba ulimini akakibandika kwenye ncha ya mbao moja. Doa lilitoweka kabla hajakiondoa kidole vizuri. Akabandika kwenye uso uliopakwa rangi: doa likakaa, likang'aa. Mbao hunywa kwa kichwa na kwa mguu mara kumi na zaidi kuliko inavyonywa kwa ubavu, kwa sababu huko ndiko midomo ya mirija iliko. Nilikuwa nimeuvalisha mlango koti, nikauacha bila viatu na bila kofia.

Nilimwambia basi aurande, tuupake, tuurudishe. Akacheka kwa kikohozi. Ukirandwa leo ungali umeshiba, alisema, Septemba utapitisha mkono. Ukipakwa leo kila upande, maji yaliyomo yatakosa pa kutokea, na rangi itabanduka. Aliusimamisha ukutani karakanani kwake, kivulini, juu ya vijiti viwili ili hewa ipite chini, akaniambia nitundike turubai mlangoni kwangu. Kisha akatoa mfukoni sarafu mbili za shilingi mia akanionyesha zikiwa zimebebana: hiyo ndiyo nafasi atakayoiacha kila upande akiufunga wakati wa kiangazi. Ukifungwa wakati wa mvua, sarafu moja inatosha. Na zile mbao tano zilizobanana atazitenganisha, apige ulimi na mfereji kila mahali zinapokutana, kila moja ipate pake pa kupumulia.

"Sasa nije kuuchukua lini?" nikamuuliza.

Aliinama akaunyanyua mlango kwa upande mmoja, kama mtu anayepima mzigo wa punda, akaurudisha chini.

"Ukiweza kuubeba peke yako."

Nilienda Mei, sikuweza. Nikaenda tena mwisho wa Julai.